Guka Hawezi Kulala Kariandusi

Bondeni, Nakuru
9 Februari 1958

Mpendwa Guka,

Habari za huko juu kwenye baridi? Mimi mzima, mume wangu mzee. Nakuita mume kwa haki yangu, maana mimi mjukuu wako nilipewa jina la Cucu, marehemu mkeo, na wewe ukaanza kuniita bibi yako kabla sijaota meno. Mama anakusalimu. Kikohozi chake kimepona, anauza mboga sokoni kama kawaida, na vile viazi ulivyotuma na lori la mzungu wako tulivila mpaka tukaona aibu.

Kazi ya hospitali inaendelea. Siku hizi nimewekwa wodi ya wanaume, kwa wazee. Guka, hata nikikwambia hutaamini! Usiku kucha ni "sista chupa, sista chupa." Nikimpelekea huyu chupa ya kukojolea, yule wa pembeni ameshaanza kunung'unika. Kuna mmoja, tena mtu mzima mwenye heshima zake, tumempa jina la Mto Malewa. Mimi na Sally, rafiki yangu wa kazi, tunacheka mpaka matroni anatukemea. Usimwambie mtu.

Sasa neno lenyewe. Unamkumbuka Wamalwa, yule kijana wa reli niliyekuja naye Krismasi, aliyekula mukimo wako wa viazi na mahindi mpaka sufuria ikalia? Baba yake, Mzee Masinde, ni nyapara kwenye mgodi wa Kariandusi, pale wanapochimba udongo mweupe, na ng'ombe wake anawachunga kwenye shamba la jirani. Ametuma neno. Anataka watu wa kwetu waende wawaone ng'ombe wa mahari Jumamosi kabla ya Pasaka. Nyumbani kwake wageni wa namna hiyo hufika jioni, wakala, wakalala, na ng'ombe wakaoneshwa alfajiri kabla hawajakamuliwa. Baba angekuwa hai angekwenda yeye. Hayuko, kwa hiyo ni wewe, pamoja na wazee wawili wa kanisa utakaowachagua mwenyewe. Bila wewe hakuna kitu, Guka. Wamalwa nampenda, nasema bila kuona haya.

Nijibu upesi.

Bibi yako mdogo,
Mugure

*

Dundori
3 Machi 1958

Kwa Mugure, bibi yangu,

Barua nimeipata zamani kidogo. Nisamehe kwa kukawia. Umefanya vizuri kuandika kwa Kiswahili. Barua za Kikuyu hukaa sana ofisini zikisomwa, na kalamu yangu mimi ilizaliwa jikoni kwa wazungu, haijui lugha nyingine.

Huku ni salama. Baridi ilichoma viazi vya juu lakini vya chini vimepona. Kiptanui, mkamuaji wetu, amepata mtoto wa kike na anatembea shambani kifua mbele kana kwamba amemzaa yeye. Memsabu alinigombeza wiki iliyopita kwa kuunguza mkate, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kupika katika nyumba ile. Nilisinzia kidogo tu kwenye stuli.

Kwa hiyo bibi yangu anaolewa na mwanamume mwingine nami niko hai, tena naombwa niende nikawatazame ng'ombe wa huyo mwanamume! Dunia imeharibika. Lakini kijana si mbaya. Mtu anayekula vile hawezi kuwa na moyo mbaya.

Ila Pasaka sitaweza. Pasi yangu ya kutoka Dundori haijatoka, na wewe unajua siku hizi serikali hairuhusu Mkikuyu kusafiri bila pasi. Waambie wasubiri, au wale wazee wawili waende bila mimi. Halafu, kwa nini lazima watu walale? Kariandusi si mbali. Lori likitoka asubuhi, jioni limerudi. Waulize kama ng'ombe wao hawaonekani mchana.

Ile habari ya wazee wa wodi nimeisoma.

Mumeo,
Hiram Thuo

*

Bondeni, Nakuru
18 Machi 1958

Mpendwa Guka,

Salamu nyingi. Mama hajambo, mimi sijambo, mvua imeanza kunyesha na Bondeni ni matope mpaka magotini.

Jana Kiptanui alikuja mjini na lori la kabeji, akapita kutusalimu. Tulimpa chai. Nikamuuliza habari ya pasi yako, nikitaka kujua ni karani gani anayeikalia. Akashangaa. Akasema, "Pasi gani tena? Mzee alipewa tangu mwezi wa pili, mimi ndiye nilimletea kutoka ofisini." Mama alinitazama, nami nikatazama ukuta. Guka, kwa nini?

Akasema pia kwamba ulianguka usiku nyuma ya ghala la viazi, ukaumia mkono, na kwamba umekonda. Kwangu hukuandika hata neno moja. Mtu anaanguka, anaandika habari za mkate!

Nimewaomba watu wa Wamalwa wasogeze mpaka Mei. Wamekubali bila maneno. Lakini habari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo wameikataa. Mzee Masinde anasema mkwe anayekataa kulala kwake anamwambia kwamba nyumba yake haifai. Wamalwa alinieleza kwa upole, ila niliona ameumia.

Niambie kuna nini.

Mugure

*

Dundori
20 Aprili 1958

Kwa Mugure,

Natumaini mko salama wewe na mama yako. Sisi tuko salama.

Kiptanui ana mdomo mrefu, nimemwambia hivyo. Mkono ulipona siku nyingi. Niliteleza tu, kulikuwa na umande.

Mei ni mwezi mbaya. Ni wakati wa kupalilia viazi, na memsabu ana wageni kutoka Nairobi wanaotaka kula mara nne kwa siku. Tena kuna jino linanisumbua. Wazee wawili wapo tayari, mmoja wao ni mtu wa maneno matamu kuliko mimi. Atanisemea.

Usinisukume, Mugure. Mtu akisema hawezi, hawezi.

H. Thuo

*

Bondeni, Nakuru
27 Aprili 1958

Guka,

Nakusalimu. Mama anakusalimu. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa, naisoma nikitoka kazini, na kila nikiisoma naona jambo lile lile. Humtaki Wamalwa, na hutaki kusema. Mama anafikiri hivyo. Majirani hapa Bondeni wanasema waziwazi kwamba mzee wa Kikuyu hawezi kumtoa mtoto wake kwa Mluhya, na kwamba nilikuwa mjinga kudhani wewe ni tofauti. Mimi nilikuwa nakutetea. Nilisema Guka yangu amepika katika nyumba za watu wa kila namna na anajua mtu ni mtu.

Juzi Wamalwa aliniuliza, "Guka yako hanitaki?" Reli inampeleka Eldoret mwezi wa nane. Baba yake ametoa siku ya mwisho, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba. Usipokuja wewe mwenyewe ukalala kwake, yeye atajua jibu, na mambo yatakwisha hapo kwa heshima, bila ugomvi. Wamalwa hawezi kumpinga baba yake, wala mimi siwezi kuolewa kama mtu asiye na watu.

Kama humtaki, niandikie hivyo kwa mkono wako. Nitalia, lakini nitakuwa nimejua. Hili la jino na viazi linanifanya mtoto.

Mugure

*

Dundori
1 Mei 1958

Mugure, bibi yangu,

Barua yako imefika leo na ninajibu leo. Chakula cha mchana cha memsabu kinaungua, na kiungue.

Huyo kijana simchukii. Hata kidogo. Niliposoma kwamba aliuliza swali lile, nilitoka nje nikakaa juu ya kuni. Miezi hii yote nilikuwa nachagua aibu gani niibebe, na nilifikiri hii ya kuonekana mkaidi ni nyepesi. Sikujua kwamba wewe ndiye unayeibeba.

Sasa nakwambia, na nakwambia wewe peke yako. Mama yako nisingemwambia hata kama nakufa, ni mke wa mwanangu. Lakini wewe una jina la Cucu, na Cucu sikumficha kitu.

Naamka usiku kukojoa. Si kama mtu yeyote anavyoamka. Mara nne, mara nyingine tano. Nikilala tu, nimeitwa. Nikifika nje nasimama, nangoja, hakiji kitu, halafu kinakuja kidogo kama mtu anayetoa kwa kinyongo. Narudi kitandani, hata blanketi halijapata joto, naitwa tena. Ilianza kama miaka miwili iliyopita, polepole. Nikaona dawa ni kuacha kunywa. Sasa maji nakunywa kikombe kimoja asubuhi basi, na bado naamka. Kichwa kinazunguka, miguu imevimba jioni, na mchana nasinzia nikiwa nimeshika kisu. Ule usiku wa ghala sikuteleza kwa umande. Nilisimama kutoka kitandani haraka, nikatoka, macho yakaingia giza.

Agosti iliyopita nilikwenda mazishi kule Ndabibi, kwa watu wa upande wa Cucu. Tulilazwa wengi katika nyumba moja, mimi ukutani, na watu wamejaa kati yangu na mlango. Niliamka. Nikajizuia, niliona vibaya kukanyaga watu. Nikajizuia mpaka nikashindwa. Kabla hakujapambazuka, nilikunja blanketi la wenyewe, nikaondoka nalo, nikalitupa njiani. Mpaka leo Ndabibi wanasema Hiram aliiba blanketi la matanga. Nimeliacha jina hilo likae.

Halafu unaniambia nikalale kwa wakwe! Kwetu mtu hata chakula cha wakwe anakila kwa adabu, sembuse kusimama usiku kwenye uzio wao mara tano, mama wa kijana akichungulia. Nikienda mbali, kuna mashimo ya mgodi na mbwa. Nikiwa nimejifunga tayari kukuandikia ukweli, mwezi ule wa pili, barua yako ikaja na Mto Malewa. Nilicheka, Mugure, kwa sababu unaandika vizuri. Kisha nikaikunja nikaiweka chini ya godoro.

Ndiyo hiyo. Sasa cheka na Sally.

Hiram

*

Bondeni, Nakuru
6 Mei 1958

Guka yangu mpendwa,

Sijacheka. Nililia kwenye ngazi za hospitali nikiwa na gauni la kazi, matroni akadhani nimefiwa. Nisamehe. Nabeba mikojo ya wazee wa watu kila siku na wa kwangu nikamfungia mdomo kwa mzaha. Yule mzee wa wodi anaitwa Khisa. Sasa namwita kwa jina lake, na Sally pia.

Sasa niache niseme nawe kama nesi, maana hilo kwetu halina aibu, ni kazi tu.

Kwanza, kunywa maji. Leo hii, ukimaliza kusoma. Ulidhani ukikauka utalala, lakini mkojo ukiwa mzito na mweusi unawasha kibofu, na kibofu kinakuamsha hata kwa kidogo. Ndiyo maana kichwa kinazunguka. Kunywa asubuhi na mchana kama mtu mwenye kiu ya kweli, halafu baada ya saa kumi jioni punguza. Ile chai yako nyeusi unayoinywa jikoni baada ya kuosha vyombo vya wazungu, iache kabisa. Chai inasukuma.

Pili, miguu. Unasimama mbele ya stovu tangu alfajiri, maji yanashuka miguuni, unaona imevimba. Ukilala usiku yale maji yanarudi juu na yanatafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo mchana, memsabu akipumzika, nawe lala chali miguu iwe juu ya gunia. Yatoke kabla ya usiku. Na ukiamka usiku, keti kwanza kitandani, ngoja macho yatulie, ndipo usimame. Wazee wengi tunaowapokea na nyonga zilizovunjika walikuwa wanakwenda kukojoa.

Tatu, nijibu haya bila kunificha. Je, una kiu isiyokwisha? Mahali unapokojoa wanakuja siafu au sisimizi? Tunauliza hivyo kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Umeona damu? Kuna siku mkojo umekataa kabisa kutoka? Hiyo ikitokea usingoje lori wala barua, njoo hata kwa kubebwa.

Na hata kama majibu yote ni hapana, njoo. Wanaume wakizeeka kuna tezi chini ya kibofu inayokua na kubana njia. Haiponi kwa kuona haya. Nimeongea na daktari, nikasema ni mzee wa Dundori, sikutaja jina. Njoo siku yoyote ya kazi na hiyo pasi yako ambayo haijatoka.

Wamalwa nimemwambia tu kwamba unampenda na kwamba ulikuwa mgonjwa. Hakuuliza ugonjwa gani. Alianza kupiga mluzi.

Mugure

*

Dundori
12 Juni 1958

Kwa Mugure, bibi yangu,

Nilifika salama kutoka huko kwenu. Msalimie mama yako, mwambie kikapu nimekipata. Huku mvua imepungua, viazi vimechanua, na mtoto wa Kiptanui ana shavu kama mkate wa maziwa.

Yale daktari aliyonifanyia sitayaandika. Yule ni kijana, angeweza kuwa mtoto wa mtoto wangu, na alikuwa anaongea habari za mvua huku akifanya. Nilitazama dirisha. Nikajiambia kwamba mtu aliyepita hapo hana tena cha kuogopa duniani, hata wakwe.

Lakini alinieleza vizuri, na wewe ulikuwa nje kwa hiyo nakuandikia. Sukari hakuna. Tezi imekua, si ile mbaya, akasema anafikiri hivyo na ataiangalia tena mwezi wa kumi. Ikiendelea kubana watapasua. Akanigombeza kwa kujizuia. Akasema kibofu kinachozuiwa kila mara huchoka, kikabaki na mkojo ndani, na mkojo uliolala ndani huleta homa na kuharibu mafigo.

Nafanya mliyosema. Nakunywa maji ya asubuhi mpaka Kiptanui ananiuliza kama nimekuwa ng'ombe. Mchana nalala chali, miguu juu ya gunia la viazi. Memsabu alinikuta hivyo, akasimama mlangoni, halafu akaondoka. Kesho yake na yeye nikamwona barazani miguu juu ya kiti. Sasa naamka mara mbili, mara tatu. Nalala kati yake, usingizi mtamu kabisa. Sijaunguza kitu tangu mwezi wa tano.

Kariandusi nitakwenda. Lakini tatu ni tatu, Mugure. Nitafutie mahali pa kulala penye mlango wa kutokea nje, nisikanyage mtu. Utawaambia nini mimi sijui. Ukweli usiwaambie. Hilo ni ombi langu kwako.

Mumeo,
Hiram Thuo

*

Bondeni, Nakuru
20 Juni 1958

Guka mpendwa,

Salamu. Mama anashona nguo na haniambii ni ya nini, lakini kitambaa ni cheupe.

Mambo yamepangwa. Utalala peke yako katika kibanda kilicho kwenye uzio, karibu na zizi, kina mlango wake. Wale wazee wawili watalala nyumba kubwa.

Sasa kuna jambo, na nakuomba ukae chini. Wamalwa aliniuliza kwa nini mzee mkubwa wa wageni akalazwe karibu na ng'ombe wakati kuna kitanda kizuri ndani. Nilikuwa sijajiandaa. Mdomo ukasema wenyewe. Nikamwambia, "Guka yangu huamka usiku kuomba. Hutoka nje, husimama kimya, hapendi kusumbua watu."

Guka, yule kijana alifurahi mpaka nikaogopa. Kumbe watu wa kwao ni wa kanisa la Friends, wao huomba kimya bila kutoa sauti. Akasema, "Kumbe ni mtu wa namna hiyo!" Kabla sijamzuia alikuwa ameshapanda treni kwenda kumwambia baba yake.

Najua hukutaka uongo. Ulisema tu nisiwaambie ukweli, na kati ya hivyo viwili sikuona njia nyingine. Usikasirike. Nenda tu. Nitakaa hapa bila kula mpaka nisikie.

Mugure

*

Dundori
8 Julai 1958

Mugure,

Sote tumerudi salama. Msalimie mama yako. Kula sasa.

Nilipofika Kariandusi jioni ile, Mzee Masinde alivua kofia kabla hajanisalimia. Ni mtu mrefu, nywele nyeupe, nguo zake zina ule udongo wa mgodi hata baada ya kufuliwa. Mkewe, Mama Nanyama, akaleta chai. Nikasema asante, jioni sinywi. Wakatazamana. Nikamsikia anamnong'oneza dada yake kwamba mzee anafunga. Wazee wangu wawili wa kanisa, ambao wananijua, walitazama viatu vyao.

Nikalala. Mara ya kwanza nilipotoka, mwezi ulikuwa umepanda na ziwa lilionekana kule chini. Nilikwenda upande wa pili wa uzio, nikafanya haja yangu, na kutoka nyumba kubwa nikasikia sauti ya mwanamke, polepole: "Nyamazeni, mzee ameanza." Nilirudi ndani nikiwa na hasira nawe, siwezi kukuficha. Nililala nikitunga barua ya kukutukana.

Mara ya pili nilitoka haraka, nimebanwa kweli. Nikakuta Mzee Masinde amesimama kwenye uzio wa zizi, blanketi mabegani, kofia mkononi. Aliinamisha kichwa tu, akasogea kidogo ili nipate nafasi. Alikuwa amenisubiri aombe pamoja nami.

Ningefanya nini? Nikasimama kando yake. Nikainamisha kichwa. Siwezi kukojoa, siwezi kuondoka, na yeye hana haraka hata kidogo, watu hawa kumbe wanaweza kukaa kimya kuliko mawe. Ng'ombe wanapumua. Mimi nimekaza kila kitu.

Mugure, tangu tulipomzika baba yako sijaomba. Kanisani naenda, mdomo unasema pamoja na wengine, lakini ndani hakuna mtu. Nilikuwa nimemwomba Mungu aniachie mtoto huyo mmoja tu, akamchukua, nami nikaona hatuna tena cha kuzungumza. Hilo sikumwambia mtu yeyote.

Nikiwa pale, nikaona vibaya. Mtu mzima ametoka kitandani kwenye baridi kwa kuniamini, na mimi nimesimama kando yake na mkojo wangu. Nikasema basi niombe kweli, hata kwa ufupi. Nikaanza na jina lako. Nikasema Mugure, halafu jina la baba yako likaja lenyewe nyuma yake, nikashindwa kuendelea. Nikalia pale kwenye zizi la watu. Masinde hakunigusa wala hakuniuliza. Alikaa karibu mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Asante, mzee. Mtoto wako atakuwa mtoto wangu." Akaenda zake ndani. Hapo ndipo nilipokimbia nyuma ya uzio, na sitaficha, safari hii mkojo haukukawia.

Mara ya tatu hakukuwa na mtu. Nilikaa nje muda mrefu baada ya kumaliza. Niliomba mpaka mwisho, kwa jina la kila mmoja.

Alfajiri walitutolea ng'ombe. Wale wazee wawili walikuwa wamejiandaa kubishana, yule wa maneno matamu alikwisha kufungua mdomo, huyu ana pembe mbovu, huyu mzee. Nikamshika mkono. Nilimwambia Masinde kwamba nimewapenda wote.

Olewa, mama.

Hiram Thuo